Pensheni na mafao ya ulemavu Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota mezani. Nilikuwa afisa utumishi wa halmashauri, na tangu nistaafu watu wananifuata na bahasha zao za kaki: walimu, manesi, madereva, wajane. Kila mmoja huanza kwa kuniuliza atapata shilingi ngapi. Mimi huanza kwa kumuuliza jina lake limeandikwaje kwenye barua ya ajira ya kwanza. Ukiendelea kusoma utaona sababu.

## Mambo ya mwanzo

1. Mfuko wangu ni upi, PSSSF au NSSF?

Ukiwa mtumishi wa umma, mfuko wako wa pensheni ni PSSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma). Mfuko huu ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018, ulipoimeza mifuko minne ya zamani: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Ukiwa sekta binafsi au umejiajiri, mfuko wako ni NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii). Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF (tazama swali la 20).

Wapo wanaosema "mimi ni wa LAPF" hadi leo. Hakuna ubaya, ila kumbuka mfuko ule ulikuwa upi, maana unaamua asilimia ya mkupuo wako, yaani fedha unayolipwa mara moja unapostaafu (swali la 7).

2. Nani anachangia, na kiasi gani?

Mifuko yote miwili inapokea asilimia 20 ya mshahara. Kwa PSSSF, mtumishi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 15. Kwa NSSF, mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10, na kinachobaki kukamilisha 20 anakitoa mwenyewe. Wapo waajiri wanaobeba sehemu kubwa zaidi kama marupurupu ya kazi.

Aliyejiajiri, awe bodaboda, mama lishe, fundi au mkulima, anaweza kujiandikisha NSSF na kuchangia kwa hiari. Miezi yake inahesabiwa kama ya mwingine yeyote.

3. Nastaafu nikiwa na umri gani?

Kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wana ngazi yao: 60 kwa hiari, 65 kwa lazima.

Umri unaohesabiwa serikalini ni ule ulioandika ulipoajiriwa mara ya kwanza. Watu wengi wanajikwaa hapa. Mtu alipunguza miaka miwili akitafuta nafasi ya masomo, au baba alikisia tu "mwaka wa mafuriko", na sasa cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kinasema vile. Usitegemee kurekebisha tarehe ukiwa na miaka 59. Ombi la namna hiyo hutazamwa kama mbinu ya kuongeza muda kazini.

4. Lazima nichangie muda gani ili nipate pensheni ya kila mwezi?

Miezi 180, yaani miaka 15. Si lazima iwe mfululizo, wala si lazima iwe kwa mwajiri mmoja au mfuko mmoja. Kama ulianza shule ya binafsi ukiwa NSSF, kisha ukaajiriwa na serikali, vipindi hivyo viwili huunganishwa. Usikubali kuambiwa uanze upya. Uliza "kuunganisha michango" na upeleke namba zako zote mbili za uanachama.

Ukifika umri wa kustaafu bila kutimiza miezi 180, hupati pensheni ya kila mwezi. Unalipwa mkupuo mara moja, basi. Ndiyo maana mtu mwenye miezi 171 namshauri asikimbilie kuondoka akiwa na 55. Miezi tisa tu mbele yake inatenganisha malipo ya siku moja na malipo ya maisha.

5. Niliajiriwa serikalini kabla ya 1999, na wakati ule hatukuwa tunakatwa. Miaka hiyo imepotea?

Haikupotea. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wanachangia. Serikali ndiyo iliyobeba pensheni yao yote. PSPF ilipoanza, miaka ile ilihesabiwa kwenye utumishi wao ingawa hakuna senti iliyoingia, na deni hilo likakaa kwenye vitabu vya mfuko kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwezi Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya takriban shilingi trilioni 2.17 kulilipa.

Jambo la kukuhusu wewe ni hili: kwa kuwa hapakuwa na makato, mfumo wa michango hauna kumbukumbu ya miaka hiyo. Kumbukumbu pekee ni karatasi. Barua ya ajira yenye maneno "masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni" ndiyo shahidi wako, na ikipotea huna tarakimu za kuonyesha. Itafute leo, si mwaka wa kustaafu.

## Kikokotoo

6. Pensheni inakokotolewaje?

Vitu vitatu vinaingia: idadi ya miezi uliyochangia, wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho, na kigawe 580. Kanuni hii inatumika tangu tarehe 1 Julai 2022.

Tuchukue mtumishi mwenye miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Gawanya 360 kwa 580, zidisha kwa 12,000,000. Unapata shilingi 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka kabla haijagawanywa.

Kisha inagawanywa. Kwa kiwango cha asilimia 33, kilichotumika hadi 2024 (cha sasa kiko swali la 7), sehemu hiyo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja: shilingi 30,724,138. Asilimia 67 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12: shilingi 415,862 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Zingatia kwamba ni mshahara, si posho. Posho ya nyumba, ya madaraka, ya safari, zote ziko nje ya hesabu. Kuna wakubwa waliokuwa wakiondoka na posho mara mbili ya mshahara ambao siku ya kwanza ya pensheni walidhani benki imekosea.

7. Mbona mwenzangu aliyestaafu zamani alipata mkupuo mkubwa kuliko mimi?

Kwa sababu kanuni yake ilikuwa nyingine. PSPF na LAPF zilikuwa zinatumia kigawe 540, mkupuo wa asilimia 50 na kizidisho 15.5. Mifuko mingine ilikuwa na 580, asilimia 25 na 12.5. Mtumishi wa mfano wetu, kwa kanuni ya PSPF, angechukua mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya 333,333 kwa mwezi. Linganisha na 30,724,138. Hapo ndipo hasira ilipotoka.

Mwaka 2018, mifuko ilipounganishwa, kanuni mpya iliwapeleka wote kwenye asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliizuia, akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 yakaja makubaliano ya 33 kwa wote. Waliokuwa kwenye 25 walipanda, waliokuwa kwenye 50 wakashuka, na manung'uniko hayakuisha. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha tena: asilimia 40 kwa waliotoka kwenye mifuko ya asilimia 50, na 35 kwa waliotoka kwenye ile ya 25.

Kwa mfano wetu, asilimia 40 ni mkupuo wa shilingi 37,241,379, na pensheni ya mwezi inayobaki ni 372,414.

8. Kwa hiyo mkupuo mkubwa ni bora?

Inategemea utaishi miaka mingapi, na hilo halimo kwenye fomu. Lakini hesabu yenyewe inasema jambo moja wazi. Ukitoka 33 kwenda 40, unaongeza mkupuo kwa shilingi 6,517,241 na unapunguza pensheni kwa shilingi 43,448 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150. Ni ile 12.5 tu ikijionyesha kwa sura nyingine. Mstaafu wa miaka 60 akifikisha 72 na nusu, fedha zile zinakuwa zimelingana. Kuanzia hapo, aliyekuwa na mkupuo mdogo anaongoza.

Nimewaona wastaafu walionunua Noah ya abiria kwa mkupuo na ndani ya mwaka iko juu ya mawe. Nimewaona pia waliokamilisha nyumba ambayo ingebaki msingi tu maisha yote. Sina haki ya kumcheka yeyote kati yao.

9. Naweza kuchukua "fao la kujitoa" nikaondoka na michango yangu?

Fao hilo lilifutwa na sheria za 2018. Badala yake kuna fao la kukosa ajira. Analipwa aliyepoteza kazi bila hiari yake, akiwa amechangia angalau miezi 18, na kiasi ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Aliyeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe hahusiki. Michango yako iliyobaki haitaifishwi; inakusubiri ufikishe umri, au uiendeleze ukipata kazi nyingine.

## Kuandaa na kuwasilisha madai

10. Nianze lini?

Barua ya kusudio la kustaafu inakwenda kwa mwajiri miezi sita kabla. Hiyo ni siku ya barua. Maandalizi ni jambo lingine: ukifikisha miaka 50, omba taarifa ya michango yako na uikague mwezi kwa mwezi. Wanachama wa PSSSF wanaipata kwenye simu kupitia PSSSF Kiganjani. NSSF nayo ina mfumo wake mtandaoni.

Pengo la miezi minne la mwaka 2011 linarekebishika ukiwa bado kazini, mhasibu yupo na vocha ziko stoo. Ukishaondoka, unakuwa mgeni kwenye ofisi uliyoifanyia kazi miaka thelathini. Mlinzi mpya getini atakuuliza unamtafuta nani.

11. Nyaraka gani zinahitajika?

Kwa mtumishi wa umma, faili linalokwenda bila kurudi lina barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya mwisho ya kupandishwa cheo au daraja, barua ya mwajiri ya kukubali kustaafu kwako, salari slipu za karibuni, kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti, na taarifa za akaunti ya benki iliyo hai na yenye jina lako peke yako. Fomu ya madai hujazwa na wewe pamoja na mwajiri.

Akaunti ya mke, ya mtoto, au ya kikundi haifai. Akaunti uliyoiacha ikalala miaka mitatu nayo itarudisha fedha zilikotoka.

Barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watu walipandishwa vyeo mara nne bila mtu kuwauliza walithibitishwa lini. Kama hunayo, mwombe mwajiri aitoe sasa.

12. Majina yangu hayafanani kwenye nyaraka. Nifanye nini?

Swali hili ndilo linalochelewesha watu wengi kuliko jingine lolote ninalolijua. Kuna makosa ya namna tatu, na kila moja lina dawa yake.

Herufi tu, kama Mwanaidi na Mwanahidi, au Yohana na Johana: hapa kiapo mbele ya wakili au hakimu, kinachosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja, mara nyingi kinatosha, pamoja na barua ya mwajiri.

Jina zima limebadilika, mfano aliyeolewa akachukua jina la mume au aliyebadili dini: unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na cheti cha ndoa kama ndiyo sababu. Kiapo peke yake ni chepesi hapa.

Ya tatu ni majina matatu upande mmoja na mawili upande mwingine, na lile la katikati ndilo la ukoo. Inaonekana ndogo, lakini mfumo unaosoma namba ya NIDA hauna huruma ya karani wa zamani aliyekujua kwa sura. Sahihisha kwa kuifuata NIDA: lifanye jina la kwenye NIDA ndilo kiwango, halafu mwajiri alirekebishe kwenye kumbukumbu za utumishi ili lifanane. Ukianza kinyume chake, utazunguka.

13. Mwajiri wangu alikuwa ananikata lakini hapeleki. Je, nimekula hasara?

Deni ni la mwajiri, si lako, na sheria inamtoza adhabu kwa kuchelewesha. Mfuko una mamlaka ya kumfikisha mahakamani. Lakini lazima uonyeshe kwamba ulikatwa, na ushahidi ni salari slipu. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, hili ni la kukagua kila miezi mitatu. Usisubiri kampuni ifungwe na mwenye nayo ahame mji ndipo uulize.

14. Nitasubiri muda gani, na nikiona kimya?

Malipo ya kwanza yanatakiwa kufanyika ndani ya siku 60. Saa inaanza kuhesabu madai yakiwa yamekamilika, na neno "yamekamilika" ndilo linalobishaniwa. Kama kuna karatasi moja inayosubiriwa kutoka kwa mwajiri, mfuko utasema madai hayajakamilika, mwajiri atasema alishatuma. Nenda mwenyewe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukikataliwa, omba jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halikatiwi rufaa.

## Ulemavu na maradhi

15. Nimeumia au nimeugua hadi siwezi kufanya kazi. Naanzia mlango upi?

Jiulize kwanza: chanzo ni kazi au si kazi?

Kama ni ajali ya kazini, au ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe, mlango ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF (swali la 16). Kama ni kiharusi nyumbani, kisukari kilichokula mguu, au ajali ya gari ukienda harusini, mlango ni mfuko wako wa pensheni (swali la 17). Kama hujawahi kuajiriwa wala kuchangia popote, soma swali la 18.

Kukosea mlango ni kupoteza miezi.

16. WCF inalipa nini, na ni nani anayedai?

WCF ilianza kukusanya michango Julai 2015. Mchangiaji ni mwajiri peke yake, sasa kwa asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Bosi akikwambia "bima yako ya ajali tunakukata kwenye mshahara", hiyo si WCF.

Mfanyakazi anamjulisha mwajiri mara tu anapoumia, na mwajiri ana siku saba za kazi kuutaarifu mfuko. Kama anasitasita kwa kuogopa jina la kampuni kuchafuka, nenda wewe au ndugu yako ofisi ya WCF. Cheti cha daktari wa siku ya kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama polisi walihusika, na majina ya walioshuhudia ndivyo vitu vya kushika mapema.

Malipo yako ya aina kadhaa. Matibabu hulipwa. Ukiwa nje ya kazi kwa muda, unapata asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ukipona na kubaki na kilema cha kudumu, daktari anakipima kwa asilimia: 30 au chini yake unalipwa mkupuo mmoja, zaidi ya 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa aliyeumia hadi anahitaji mtu wa kumsaidia kula na kuoga, kuna malipo ya mhudumu. Akifariki, wategemezi wanalipwa pamoja na gharama za mazishi.

Kipimo cha asilimia hufanyika matibabu yakifika mwisho, si wiki ya pili. Usikubali kupimwa vidonda vikiwa vibichi, wala usichelewe kwa kudhani mfuko utakutafuta.

17. Pensheni ya ulemavu ya NSSF ina masharti gani?

Uwe umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, na hilo lithibitishwe na jopo la madaktari. Upande wa michango, uwe na miezi 180. Au kama huna, uwe na miezi 36, kati yake 12 iwe ile iliyotangulia moja kwa moja kabla ya kupatwa na ulemavu. Usipofika hapo, unalipwa mkupuo badala ya pensheni.

Sharti la miezi 12 ya mwisho linawaumiza waliojiajiri kuliko wote. Mtu amechangia miaka sita, biashara ikayumba, akaacha mwaka mzima, kisha kiharusi. Kama umejiajiri na unataka kupumzika kuchangia, lijue hilo.

Ulemavu ukiisha, pensheni hii inasimama. Ukiendelea nao hadi umri wa kustaafu, unahamia pensheni ya uzee.

Kwa mtumishi wa umma utaratibu unaitwa kustaafu kwa ugonjwa. Unaanzia kwa mwajiri, ambaye ndiye anayeomba jopo la madaktari. Usijiandikie barua ya kuacha kazi kwa sababu unaumwa. Nimemwona mwalimu akifanya hivyo kwa aibu ya kuonekana anakula mshahara wa bure, na karatasi hiyo moja ikabadilisha jina la kuondoka kwake kuwa "kuacha kazi".

18. Mwanangu ana ulemavu tangu kuzaliwa na hajawahi kufanya kazi. Serikali inalipa nini?

Tanzania Bara haina pensheni ya ulemavu kwa asiyechangia. Yapo mambo mawili ya jirani. Kaya maskini huweza kuingizwa kwenye ruzuku za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kupitia mkutano wa kijiji au mtaa. Na kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, unarudishwa.

## Kufariki, kutapeliwa na mengine

19. Mume wangu amefariki. Tunadai nini, na mke mwenzangu je?

Kama alifariki kabla ya kustaafu, kuna mafao ya wategemezi kutoka kwenye michango yake. Akiwa mstaafu wa PSSSF, wategemezi hulipwa mkupuo wa pensheni yake ya miezi 36. Peleka cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha familia, na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fomu Namba IV.

Mke wa pili aliye na ndoa halali ni mjane kama wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa nje ni mtoto kama cheti chake kina jina la baba. Vita vya kifamilia ninavyoviona huanza pale upande mmoja unapokimbilia mahakamani na muhtasari uliosainiwa na ndugu wa upande wao tu. Hakimu akipewa pingamizi, mirathi inasimama, na malipo yanasimama nayo. Mashangazi na wakubwa wa ukoo waketi kwanza.

Na kwa aliye hai: cheti cha ndoa ya kimila au ya msikitini kisajiliwe wakati wote wawili mpo.

20. Zanzibar ikoje?

Wafanyakazi huchangia ZSSF. Juu ya hapo kuna Pensheni Jamii, inayolipwa na serikali kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Bara hakuna kitu cha namna hiyo.

21. Nilifukuzwa kazi kwa cheti cha kughushi. Nina chochote?

Walioondolewa tangu 2017 kwenye uhakiki wa vyeti walikaa miaka bila kitu. Mwaka 2022 serikali iliamua warudishiwe michango waliyokatwa wao wenyewe, na madai yakaanza kupokelewa Novemba 2022. Sehemu ya mwajiri haimo, wala pensheni haipo.

22. Pensheni yangu imesimama ghafla. Kwa nini?

Karibu kila mara ni uhakiki. Mstaafu anatakiwa kuthibitisha mara kwa mara kwamba yu hai, na asipofanya hivyo malipo husitishwa. Siku hizi wa PSSSF anaweza kujihakiki kwa simu. Kwa mzee asiye na simu janja, mjukuu anatosha kumshikia. Alama za vidole za mkulima wa miaka 78 mara nyingi zimefutika, mashine haizisomi. Hilo likitokea nenda ofisini na kitambulisho, usiendelee kubonyeza. Fedha za miezi iliyositishwa hulipwa ukishahakikiwa.

23. Nimepigiwa simu na "afisa wa mfuko" anataka elfu themanini ili faili lisogee. Nilipe?

Usilipe. Hakuna ada ya kufungua faili, kusogeza faili, wala "kuidhinisha mkupuo". Matapeli hawa wanajua jina lako, shule uliyofundisha na tarehe uliyostaafu, kwa hiyo kulijua jina lako si uthibitisho wa kitu. Kata simu, kisha nenda ofisi ya mfuko ya mkoa wako na miguu yako. Kama umeshatuma, toa taarifa kwa mtandao wa simu saa hiyo hiyo na polisi siku hiyo hiyo, ukiwa na namba ya muamala. Na kama umempa namba ya siri ya benki, anza na benki.